Jiwe la Guku

Kijijini kwetu Mkula, redio ilifika kabla ya gazeti. Alfajiri, ng'ombe wakiwa bado zizini, Radio Free Africa ya Mwanza ilisoma vichwa vya habari vya magazeti ya siku hiyo. Karatasi yenyewe ilikuja na basi la mchana, na basi likiharibika ilikuja kesho yake. Katika saa hizo za kungoja, kijiwe cha fundi baiskeli karibu na hospitali kilikuwa kimeshasikiliza kesi, kimeshahukumu na kimeshatawanyika. Gazeti lilikuta hukumu imetoka.

Ndivyo zilivyotufikia habari za Andrew Chenge, Aprili 2008. Wakati ule Mkula ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza, na Bariadi ilikuwa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu na Wilaya ya Busega vilizaliwa mwaka 2012. Lakini mipaka hiyo ilikuwa ya kwenye mafaili. Minada yetu, wakwe zetu na wanunuzi wetu wa pamba walikuwa Bariadi, na mbunge wa Bariadi Magharibi, ambaye watu wake walimwita Mtemi, tulimhesabu kuwa wetu. Alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali tangu 1993 hadi 2005, kisha akawa mbunge na Waziri wa Miundombinu. Mtoto wa Kisukuma aliyesoma Harvard. Ukimgusa yeye, umegusa watu wengi.

Gazeti la The Guardian la London liliandika kwamba wachunguzi wa Uingereza, waliokuwa wakifuatilia rada ambayo kampuni ya BAE iliiuzia Tanzania kwa pauni milioni 28, walikuta zaidi ya dola milioni 1 katika akaunti yake kisiwani Jersey. Alikana kwamba fedha hizo zilihusiana na rada. Alipoulizwa na waandishi alisema ni vijisenti, na neno hilo likamganda. Tarehe 20 Aprili akajiuzulu uwaziri.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina pa kwenda. Kazi yangu ya mchana ilikuwa kumsomea gazeti guku, baba yake mama yangu. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili, na ingawa hospitali ilikuwa mkabala na nyumba yake, alikuwa amekataa mara mbili kupasuliwa. Nilikuwa namwamkia "Mwadila, guku," anaitika, ananionyesha kigoda, ananyamaza. Hakutaka vichwa vya habari, maana hivyo alishavisikia redioni. Alitaka nianze na maandishi madogo.

Siku moja ya wiki ile nilikuwa na magazeti mawili. La kwanza lilikuwa limeshamaliza kazi: mtu ni fisadi, aondoke, afikishwe mahakamani, na kila aliyewahi kukaa naye meza moja achunguzwe. La pili liliandika kwamba ni njama za wapinzani wake ndani ya chama, na kwamba wanaomsakama hawapendi kumwona mtu wa Kanda ya Ziwa akipanda. Nilisoma yote mawili, neno kwa neno. Guku alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Karatasi ya benki inasemaje?"

Nikarudi nyuma nikatafuta. Katika magazeti yote mawili hapakuwa na mstari hata mmoja wa maelezo kuhusu nyaraka: nani kaziona, zinaonyesha fedha ziliingia lini, zimetoka kwa nani. Palikuwa na hasira upande mmoja na machozi upande mwingine.

"Basi hawa wote wawili wanapima bila jiwe," guku akasema.

Kwa watoto wa nyumba ile, jiwe lilikuwa kitu tulichokijua kwa mabega yetu. Guku alikuwa karani wa mizani wa chama cha msingi chini ya Ushirika wa Nyanza, miaka ambayo mnunuzi wa pamba alikuwa mmoja na mizani ilikuwa moja. Watu waliilalamikia mizani ile, lakini hawakuwa na nyingine. Mwaka 1994 soko la pamba lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi walimiminika, kila mmoja na gari lake, na mawakala wake, na mizani yake. Kijiji kilishangilia. Tuliamini kwamba mizani ikiwa mingi, haki itaongezeka yenyewe.

Guku hakuamini. Alitafuta jiwe jeusi kando ya mto, akalipima mara tatu kwenye mizani iliyokuwa imetoka kukaguliwa na watu wa vipimo, akaliandika kwa rangi nyekundu: kilo 23. Msimu ulipofunguliwa tulilibeba kwa zamu, wajukuu wawili wawili, tukalitanguliza kabla ya robota. Mnunuzi akiliweka juu ya mizani ikasoma 20, guku hakugombana naye. Alisema tu, "Mizani yako ina njaa," tukafunga mizigo tukaenda kwa mwingine. Na mjomba wangu, mwanawe wa kumzaa, alipopata uwakala wa kiwanda kimoja cha kuchambua pamba, jiwe lilipelekwa kwake kwanza kabla ya kupelekwa kwa mtu mwingine yeyote. Mjomba alikasirika, akasema baba anamwaibisha mbele ya watu. Guku alimjibu kwamba jiwe linalopima mizani ya wageni tu si jiwe, ni silaha.

Nilikuwa nimelisikia jibu hilo tangu utotoni, na nililichukua kuwa maneno ya mzee mkali. Siku ile ya magazeti mawili ndipo lilipoanza kuniingia.

Maana habari za magazeti yetu na pamba yetu zinafanana kuliko tunavyodhani. Kwa miaka mingi tulikuwa na Uhuru na Mzalendo ya chama, Daily News ya serikali, na Radio Tanzania. Mizani moja. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 magazeti binafsi yakachipua kama uyoga baada ya mvua, na sisi tukashangilia kama tulivyowashangilia wanunuzi wa pamba. Hatukuuliza kila mizani ni ya nani. Radio Free Africa, iliyotusomea vichwa vya habari kila asubuhi, ilikuwa ya Sahara Media ya Anthony Diallo, mbunge wa CCM aliyewahi kuwa waziri. Tanzania Daima lilichapishwa na kampuni ya familia ya Freeman Mbowe, mwenyekiti wa CHADEMA. Uhuru liliendelea kuwa la CCM. New Habari, wachapishaji wa Mtanzania na Rai, walihusishwa na Rostam Aziz, mbunge wa Igunga. Nipashe, ITV na Radio One vilikuwa vya Reginald Mengi. Sisemi kwamba kila aliyefanya kazi humo alikuwa tarishi wa bosi wake. Nimefahamiana na waandishi wa vyumba hivyo vya habari waliosimama wima wakaumia. Nasema tu kwamba msomaji wa Mkula alikuwa na haki ya kujua njaa ya mizani kabla hajamwaga pamba yake juu yake.

Aprili 2009 tuliiona njaa hiyo mchana kweupe. Mengi aliita waandishi akawataja watu 5 aliowaita mafisadi papa, akiwamo Rostam Aziz. Rostam naye akaita waandishi, akamwita Mengi nyangumi. Kwa wiki kadhaa nchi nzima ilijadili samaki. Wenye vyombo vya habari wawili walikuwa wanatuhumiana wizi wa mali ya umma, na sisi tulisomewa na vyombo vyao wenyewe. Niliyasoma magazeti ya pande zote kwa guku. Swali lake lilikuwa lile lile, na jibu langu lilikuwa lile lile: hakuna karatasi.

Mwaka 2011 nilianza kuandika. Nilikuwa mwandishi wa mkoani wa kujitegemea, yaani sina mshahara, nalipwa kwa kila habari iliyochapwa, na nauli ya kwenda kuitafuta naitoa mfukoni mwangu. Msomaji wa Dar es Salaam hajui hali hiyo, na inafaa aijue. Mwandishi wa namna hiyo akienda kwenye mkutano wa mwanasiasa, mwanasiasa ndiye anayempa lifti, ndiye anayemlisha, na mwisho wa mkutano ndiye anayegawa bahasha. Akirudi, mhariri wa dawati anataka habari fupi yenye jina kubwa. Kati ya bahasha na dawati kuna njia nyembamba, na wengi tumeipita tukiteleza.

Lakini yaliyonikuta mimi siwezi kuyasukumia umaskini. Hakuna aliyenilipa niyafanye. Niliyafanya kwa kupenda.

Mwaka 2013, ndani ya mwezi mmoja, niliambiwa mambo mawili. La kwanza, diwani mmoja wa maeneo yetu amekula michango ya wananchi ya kununua pampu ya kisima. La pili, diwani wa kata nyingine ameuza mifuko 60 ya saruji iliyotolewa kujenga darasa. Mmoja alikuwa wa chama nilichokipenda, na alikuwa amemwoa binti wa ukoo wetu. Mwingine alikuwa wa chama nisichokipenda. Sitavitaja vyama hivyo, kwa sababu ukivijua utachagua upande kabla hujanisikiliza, na hicho ndicho ninachokilalamikia.

Habari ya pampu nilisema naifanyia uchunguzi. Nikaifanyia uchunguzi wiki ya kwanza, ya pili na ya tatu. Nilikwenda kwa diwani yule shemeji yangu mara mbili, nikanywa chai, nikamsikiliza akinieleza kwamba fedha zipo, kuna ucheleweshaji tu, na mimi nikaandika maelezo yake yote katika daftari, kwa mwandiko mzuri. Nilitaka kuwa mwangalifu. Niliamini kabisa kwamba ninaujali ukweli.

Habari ya saruji niliituma siku ile ile niliyoisikia. Nilikuwa na watu wawili waliosema wameiona saruji ikipakiwa kwenye lori usiku. Nilimpigia diwani simu mara moja, haikupokelewa, nikaandika kwamba alipotafutwa kwa simu hakupatikana. Kila mwandishi anayesoma hapa anaijua sentensi hiyo. Inaonekana kama tendo la haki, na mara nyingi ni mlango tunaoufunga kwa nje. Habari ilichapwa ikiwa na picha yake.

Nilikwenda kumsomea guku. Nilikuwa na fahari, jina langu lilikuwa juu ya habari. Alisikiliza, akauliza, "Na ile ya pampu?" Alikuwa ameisikia kijijini, maana kipofu wa Mkula husikia mengi kuliko mwenye macho. Nikamwambia bado naichunguza. Akanyamaza kitambo kirefu, kisha akasema, "Umelipeleka jiwe kwa mizani moja."

Nikamjibu kwa ukali ambao mpaka leo unaniuma. Nilimwambia mambo ya magazeti hayajui.

Miezi minne baadaye mkaguzi wa ndani wa halmashauri alimaliza kazi yake. Saruji haikuuzwa. Ilihamishiwa shule ya kata ya jirani ambako darasa lilikuwa limeezuliwa na upepo, kwa uamuzi wa kikao, na muhtasari wa kikao hicho ulikuwepo, umesainiwa, una tarehe. Lori lilipakiwa usiku kwa sababu mchana lilikuwa linabeba pamba. Muhtasari ule ulikuwa katika ofisi ya kata siku ile ile niliyoituma habari. Ningeuomba ningepewa. Sikuuomba kwa sababu nilikuwa nimeshajua, kama kijiwe cha fundi baiskeli kilivyojua kabla ya basi kufika.

Niliandika habari ya pili kueleza hayo, nikaituma. Haikutoka. Nikapiga simu dawatini, nikaambiwa habari ya mtu kutokuiba si habari. Gazeti hilo silitaji, wala mhariri yule simtaji, maana kosa la kwanza lilikuwa langu. Baraza la Habari Tanzania, ambalo wanahabari wenyewe waliliunda mwaka 1995, lilikuwa limeweka wazi siku nyingi kwamba mtuhumiwa ana haki ya kujibu na kosa linapaswa kusahihishwa. Nilikuwa nimeyasoma maadili hayo kwenye semina, nikapewa na cheti.

Diwani yule wa saruji hakugombea tena mwaka 2015. Nilikutana naye mnadani. Hakunitukana. Aliniambia tu kwamba binti yake, aliyekuwa darasa la sita, aliitwa Saruji shuleni mpaka alipomaliza.

Mwaka huo huo wa 2015 ndio nilioanza kuelewa kwamba udhaifu wangu ulikuwa wa nchi nzima. Mjomba alikuwa ananitunzia magazeti ya zamani kwenye ghala lake la pamba, marundo ya tangu 2007. Edward Lowassa alipotoka CCM kuhamia CHADEMA tarehe 28 Julai, nilichukua rundo nikaenda kukaa na guku siku tatu. Nilimsomea ya Septemba 2007, Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA alipopanda jukwaani Mwembeyanga na kusoma majina 11 ya aliowaita mafisadi, Lowassa na Chenge wakiwamo. Nikamsomea ya Februari 2008, Lowassa alipojiuzulu uwaziri mkuu baada ya kamati ya Bunge ya Dk. Harrison Mwakyembe kuwasilisha ripoti ya mkataba wa umeme wa Richmond. Kisha nikamsomea ya wiki ile.

Ilikuwa kama mtu amegeuza shati nje ndani. Waliokuwa wakimwita fisadi miaka 8 walimwandika kuwa mtu aliyeonewa, mpiganaji, tumaini la mabadiliko. Waliokuwa wakimkingia kifua, au waliokaa kimya kwa heshima, sasa waliikumbuka Richmond kwa ukurasa mzima. Ripoti ya Mwakyembe haikuwa imebadilika hata nukta. Hakuna hati mpya iliyokuwa imepatikana, hakuna shahidi aliyekuwa amejitokeza. Kilichobadilika ni kadi ya chama. Slaa mwenyewe alikataa kugeuka na wenzake, akajiondoa. Lowassa alipata karibu asilimia 40 ya kura za urais, akashindwa, mwaka 2019 akarudi CCM, na magazeti yakageuza shati tena. Alifariki Februari 2024 akiwa hajawahi kushtakiwa kwa Richmond wala kusafishwa na chombo chochote cha haki. Yeye mwenyewe alishikilia siku zote kwamba alijiuzulu kwa wajibu wa kisiasa na si kwa hatia.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji akae nami kidogo. Tumezoea kusema kwamba ubaya wa gazeti lenye upande ni kwamba linadanganya. Mara nyingi halidanganyi. Kila lililoandikwa kuhusu Lowassa mwaka 2008 na mwaka 2015 linaweza kuwa na chembe ya kweli. Ubaya wake mkubwa ni kwamba halitaki jambo liishe. Tuhuma iliyomalizwa, kwa hatia au kwa usafi, haina tena faida kwa mpiganaji. Tuhuma inayoning'inia ni mkuki unaoweza kuchukuliwa na mkono wowote. Kwa hiyo upande mmoja unapiga kelele, upande wa pili unakinga, na hakuna hata mmoja anayekaa mlangoni pa mwendesha mashtaka kila wiki kuuliza jalada limefika wapi. Anayeibiwa hapo ni mtuhumiwa asiye na hatia, ambaye hatasafishwa kamwe, na mwananchi aliyeibiwa kweli, ambaye hatalipwa kamwe.

Rada ilikwenda njia hiyo hiyo. Novemba 2010 TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ilisema haina ushahidi dhidi ya Chenge, na magazeti yaliyokuwa yakimtetea yakaandika kwamba amesafishwa, yakafunga daftari. Desemba mwaka huo huo, mjini London, BAE ilikiri kosa la kutotunza kumbukumbu za hesabu kuhusu mauzo ya rada ya Tanzania. Haikushtakiwa kwa rushwa. Ilitozwa faini ya pauni 500,000 na ikakubali kuwalipa Watanzania pauni milioni 29.5. Magazeti ya upande mwingine yakashangilia, nayo yakafunga daftari. Nilitafuta katika marundo ya mjomba mwandishi aliyeeleza kwa Kiswahili chepesi maana ya makubaliano yale: kwamba kampuni ikikiri kosa dogo, kesi inaishia hapo, na ushahidi wa nani alilipwa nini hausikilizwi hadharani. Sikumpata. Lilikuwa jambo kubwa kuliko yote katika habari nzima, na halikumfaa mtu yeyote wa upande wowote.

Fedha zile watu waliziita chenji ya rada. Miongoni mwa wabunge waliokwenda London mwaka 2011 kuzifuatilia alikuwa John Cheyo wa UDP, Bwana Mapesa wetu, mbunge wa Bariadi Mashariki, jirani kabisa na jimbo la Chenge. Zilinunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Mbunge wa jimbo moja akadai chenji ya bidhaa iliyomponza mbunge wa jimbo la jirani! Habari ya namna hiyo, iliyokaa kwenye barabara moja kati ya Lamadi na Bariadi, ilihitaji mtu wa kuiandika kwa utulivu. Mimi nilikuwepo, na sikuiandika. Nilikuwa nikihesabu nani ameshinda.

Na tusijifiche nyuma ya waandishi peke yao. Mwaka 2014 kashfa ya fedha za akaunti ya Tegeta Escrow ilipopasuka, safari hii karatasi za benki zilikuwepo. Kamati ya Hesabu za Serikali ya Bunge, chini ya Zitto Kabwe, ilizileta bungeni, na zilionyesha Chenge amepokea shilingi bilioni 1.6 kutoka kwa kampuni ya VIP. Hakukana kuzipokea; ubishi ulikuwa kama zilikuwa malipo halali. Aliondoka kwenye uenyekiti wa Kamati ya Bajeti. Kijiweni kwetu nilisikia watu wazima, wakulima waliokopwa pamba yao, wakisema anaonewa kwa sababu ni Msukuma, na wengine waliotaka afungwe kesho bila kusikilizwa kwa sababu ni CCM. Mwaka 2015 Chenge alishinda tena ubunge. Ni haki ya wapiga kura. Lakini niliwauliza wengi ni nini hasa kilichoandikwa kwenye zile karatasi, na waliokuwa na jibu walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Msomaji naye ana mizani yenye njaa. Hununua gazeti linalomwambia alichokwisha kukiamini, na mwenye gazeti si mjinga, anamuuzia.

Wapo wanaosema dawa ni kuyafungia magazeti yanayopotosha. Tumejaribu. Mawio na MwanaHalisi yalifungiwa mwaka 2017, kila moja miaka miwili. Tanzania Daima likafungiwa siku 90 mwaka huo huo na kunyang'anywa leseni mwaka 2020. Leseni zilirudishwa Februari 2022. Kwa miaka ile hatukupata magazeti ya haki zaidi. Tulipata mizani michache, na tuliwahi kuishi na mizani moja, tunajua inavyopima.

Guku alifariki mwaka 2016. Hakuyaona ya simu, ambako siku hizi kila mtu ni redio ya asubuhi na basi la mchana haliji kabisa. Juni 2024 Rais alitengua uteuzi wa mkuu wetu wa mkoa, Dk. Yahya Nawanda, kufuatia tuhuma nzito za kumdhalilisha mwanafunzi wa chuo jijini Mwanza, tuhuma alizozikana. Makundi yetu ya simu yaliwaka usiku kucha. Nusu walikuwa wameshamfunga mtu. Nusu walimchafua binti wa watu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amesoma hati ya mashtaka. Januari 2025 mahakama jijini Mwanza ilimwachia huru. Nilituma habari hiyo ya hukumu katika makundi yale yale. Ilijibiwa na watu wawili. Mashauri ya namna hiyo yanastahili kuliko yote kuandikwa kwa pumzi moja mwanzo hadi mwisho, kwa heshima ya anayelalamika na ya anayelalamikiwa, na mahakamani kwenyewe wawepo waandishi kila tarehe ya kutajwa, siyo siku ya kwanza tu.

Wahariri wa magazeti, redio na televisheni za nchi hii, nina ombi moja kwenu. Mkimtuhumu mtu ukurasa wa kwanza, na mambo yakaja kuonekana si hivyo, sahihisheni ukurasa wa kwanza, kwa herufi za ukubwa ule ule. Na mkipata tuhuma ya mtu mnayempenda, ichapeni kwa kasi ile ile mnayoitumia kwa mtu msiyempenda, au ichunguzeni kwa uangalifu ule ule. Mimi sikufanya hivyo, na nina deni.

Diwani niliyemwandika mwaka 2013 bado yu hai. Nilimwendea mwaka huu kumwomba ruhusa ya kuandika haya kwa jina lake. Alikataa, alisema jina lake limeshachapwa mara moja na inatosha. Lakini alikubali niyaandike, kwa ajili ya binti yake. Waliosoma gazeti lile katika Busega wanajua ninamsema nani.

Mifuko yote 60 ilijenga darasa. Darasa lipo, watoto wanasoma humo. Yule mtu hakuiba saruji.